Mikia Tuliyoikata kwa Ajili ya Mkataba: Risala ya Wafuga Kondoo wa Zizi Moja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Biashara. Viongozi mliofuatana naye. Ndugu zetu wenye mabucha mliokaa safu ya pili, tunawaona, msijifiche nyuma ya miavuli. Majirani, na watoto wetu wote:

Kabla hatujakukaribisha inavyotakiwa, tunaomba tuanze na uvumi. Tunajua risala huwa haianzi hivyo. Lakini uvumi huu ulimganda mwenzetu mmoja kama kupe ndani ya sikio, akaukuna, akautikisa, ukakataa kutoka, na yote tutakayokueleza leo yametokana nao. Uvumi wenyewe ulikuwa huu: mkataba wa biashara ukishatiwa saini, kondoo mwenye mkia hatapita.

Sasa karibu.

KARIBU, MAMA YETU

Mheshimiwa, kiti ulichokalia kimetoka sebuleni kwa mweka hazina wetu, na kitambaa chake kimefuliwa mara mbili tangu tulipopata habari ya ujio wako. Mguu wa kushoto una kawaida ya kuyumba, usishtuke, hakijawahi kumwangusha mtu. Hiyo harufu ni ya zizi. Tumefagia tangu alfajiri, lakini kondoo hawajui kwamba kuna mgeni.

Tumeambiwa kwamba ulikaa kwenye meza ya mkataba siku kumi na moja. Sisi hatujawahi kumwona kwa macho mtu aliyekaa kwenye meza ile. Mwenyekiti wetu alitwambia, "Msimwogope, ni mtu kama nyinyi, na yeye miguu itamuuma." Tukakuona ukishuka garini umevaa viatu vya chini, na ukauliza, "Wanakondoo wako wapi?" kabla hujaulizia kivuli. Hapo tukapendana na wewe.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza na watu watatu na kondoo majike sita. Leo tuko thelathini na wanne. Tunaitwa Zizi Moja kwa sababu kondoo wetu wote wanalala ndani ya zizi moja, hili lililo nyuma ya hema. Kila mtu ana wake na anawajua kwa sura, lakini malisho ni ya pamoja, zamu ni ya pamoja, na dume ni mmoja. Tunamwita Bwana Harusi. Anaingizwa kwa majike mara moja kwa mwaka, kwa hiyo wanakondoo wetu huzaliwa msimu mmoja, wanakua pamoja, na wanaingia sokoni pamoja kama watoto wa darasa moja.

Kondoo wetu ni hawa wenye mkia mpana, mnene, uliojaa mafuta. Mwenye bucha akimtundika kondoo wetu, anamtundika mkia ukiwa umeelekea barabarani. Mteja anasimama, anaubonyeza kwa kidole, anaridhika. Hiyo ndiyo ilikuwa risiti yetu. Hatukuwa na nyingine na hatukuwahi kuhitaji nyingine.

Tuna sheria moja iliyotuokoa, Mheshimiwa, na tunaomba uishike kichwani. Miaka saba iliyopita mwenzetu mmoja alificha kondoo wake wanne siku ya chanjo. Eti sindano inawakondesha. Ugonjwa ukaingilia kwa hao wanne, ukapita zizini kama moto kwenye majani makavu. Tangu hapo tukakubaliana: linalofanywa kwa kondoo mmoja linafanywa kwa wote, au halifanywi kabisa.

TULIYOYAFANIKISHA

Hatukuja kulia tu. Tumejenga josho letu wenyewe. Sakafu ya zizi tumeinua kwa mbao, kwato hazilali tena kwenye maji. Akina mama tisa na akina baba watatu wanajua kuchoma sindano, na mmoja wao, bibi wa miaka sitini na nane, anaichoma huku akimwimbia kondoo, na kondoo anasimama kimya. Wanachama wanaume wanasema wao wakiimba wanapigwa teke.

Msimu uliopita majike hamsini na wanne walizaa wanakondoo sitini na mmoja. Hakufa hata mmoja. Jambo hilo halijawahi kutokea tangu tuanze, na tulilia kwa furaha, watu wazima na akili zetu.

Na hao sitini na mmoja ndio tuliowakata mikia.

JINSI UVUMI ULIVYOINGIA

Mwenzetu tunayemtaja ni Mama Pacha, katibu wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu ya mabinti zake mapacha, wenye miaka kumi na sita, ambao wamesema wazi kwamba wakimaliza shule hawaendi popote, watafuga. Mama mwingine angefurahi. Yeye alifurahi nusu, na nusu iliyobaki ikawa wasiwasi. Mtoto akisema anataka kuwa kama wewe, unaanza kuchunguza kama hapo ulipo patakaa.

Siku hiyo alikwenda duka la dawa za mifugo kununua dawa ya minyoo. Benchini alikuwapo dereva wa lori la mifugo, tunayemwita Honi kwa sababu ya sauti yake. Honi alikuwa amezungukwa na watu, ameshika simu juu.

"Huu mkataba unaokuja si mchezo," Honi akasema. "Nchi za watu wananunua kondoo wetu, lakini mwenye mkia hapiti. Anarudishwa hapo hapo mpakani."

"Nani kasema?" Mama Pacha akauliza.

"Dada, mimi natembea na barabara. Wewe unatembea na nini? Tazama mwenyewe."

Akampa simu. Ilikuwa picha ya chumba cheupe, baridi tupu, kondoo waliochunwa wamepangwa safu kwa safu. Mama Pacha akatazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kweli, hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkia. Hakujua, na sisi sote hatukujua, kwamba kondoo wa kule ni wa aina nyingine, mkia wao mwembamba kama kamba, na hukatwa kwa sababu zao za sufu na uchafu.

Alisahau dawa ya minyoo juu ya meza. Akiwa anakanda unga, anaiona ile picha. Anawachana nywele mabinti, anaiona. Mabinti wakamwuliza, "Mama, mbona unatuvuta kichwa hivyo?" Akasema, "Nyamazeni, nawaza mikia." Wakacheka mpaka wakalala chini. Yeye hakucheka. Aliona mlango mkubwa unafunguliwa, watu wa vijiji vingine wanapita na kondoo wao, na mabinti zake wamebaki nje na zizi lililojaa mikia.

Kwenye mkutano wa wiki hiyo akasimama. Mwenyekiti wetu, mzee tunayemwita Ngoja-Kwanza, akasema, "Tungojee kwanza barua ya serikali."

"Mzee wangu, barua ikifika wanakondoo wameshakomaa," Mama Pacha akajibu. "Mkia unakatwa mtoto akiwa na siku tatu. Ukichelewa ni kumtesa. Tukingoja barua tumekosa mwaka mzima."

"Na kama si kweli?"

"Na kama ni kweli?"

Mheshimiwa, hapo ndipo tuliposhindwa wote. Swali la pili lilitutisha kuliko la kwanza. Mwenzetu mmoja alipendekeza tukate nusu na tuache nusu, tuone. Lilikuwa wazo zuri kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na tulilipigia kelele likakaa chini. Sheria ni sheria: linalofanywa kwa mmoja linafanywa kwa wote. Sheria iliyotuokoa na ugonjwa ndiyo tuliyoitumia kujikata.

Tulinunua mipira ya kubana. Mwanakondoo akifikisha siku tatu analetwa, anafungwa mpira kwenye shina la mkia, na baada ya wiki kadhaa mkia unadondoka. Mama Pacha ndiye aliyewapakata, wote sitini na mmoja, mmoja mmoja, kwenye kanga moja. Walikuwa wanajinyoosha, wanalala, wanainuka, wanaita mama zao. Alikuwa anawaambia, "Vumilia mwanangu, unakwenda kuona dunia."

Walipona wote. Wakanenepa vizuri. Na dunia hawakuiona.

YALIYOTUKUTA

Mkataba ulitiwa saini. Kufumba na kufumbua, karibu na kituo cha mabasi likafunguliwa duka lenye majokofu marefu, na ndani yake nyama ya mwanakondoo kutoka ng'ambo, imekatwa, imefungwa kwenye nailoni, imewekwa kwenye maboksi. Ushuru umepunguzwa, kwa hiyo bei yake iko chini ya yetu. Hatuwalaumu wanaoinunua. Sisi wenyewe wengine tumeinunua, tukaificha chini ya mchicha kwenye kikapu, tukakutana njiani na wenzetu ambao nao wamebeba mchicha mwingi isivyo kawaida.

Wenye mabucha walitwambia tusihofu. Wapo watu ambao hawataki nyama ya mnyama wasiyemwona. Watakuja, watabonyeza mkia, watanunua. Nyama ya boksi haina mkia, si ndiyo?

Mama Pacha alikuwa wa kwanza kupeleka. Alikwenda kwa mwenye bucha tunayemwita Shemeji, kwa vile kamwoa mdogo wa mwanachama mwenzetu. Shemeji, tumekuomba ruhusa tuliseme hili, ukasema tuseme.

Shemeji alimzunguka yule kondoo mara mbili.

"Mama Pacha, huyu nani?"

"Kondoo, shemeji."

"Upande wa mbele naona ni kondoo. Huku nyuma kuna nini?"

"Mkia tumeukata."

"Kawakosea nini?"

"Ni mambo ya mkataba."

"Mkataba gani unaokata mkia? Mimi mkataba wangu na mteja ni huo mkia!" Shemeji akavua kofia, akajipepea. "Dada yangu, nikimtundika huyu, mtu atasema nimetoa boksi jokofuni nikaliyeyusha. Ama nimechinja mbuzi. Ama nimechinja kitu kingine, tusikitaje hapa."

Hata hivyo alimchukua, kwa kumwonea huruma, akamtundika. Mteja wa kwanza alikuja, akanyoosha kidole kubonyeza, kidole kikabaki hewani. Akasema, "Nipe nusu kilo ya ng'ombe." Jioni ile Shemeji alijilia kondoo yeye na familia yake, kisha akatutumia salamu kwamba nyama ilikuwa tamu sana na asiletewe mwingine.

Ndipo tukakimbilia kwa afisa mifugo. Ni binti aliyehamia hapa karibuni, hajamaliza hata kufungua masanduku yake. Alikaa na sisi mchana kutwa, akautafuta mkataba, akausoma ukurasa kwa ukurasa na kututafsiria. Kila akigeuza ukurasa Mama Pacha anauliza, "Mkia?" Binti anatikisa kichwa. Ukurasa mwingine. "Mkia?" Hakuna.

Kilichomo ni hiki. Nyama yao inaingia kwetu. Ya kwetu nayo inaruhusiwa kwenda kwao, kondoo awe na mkia au asiwe nao, mradi awe na hereni ya namba sikioni, cheti cha afya, na achinjwe kwenye machinjio yaliyokaguliwa na kukubaliwa na wao. Machinjio ya namna hiyo hapa petu hayapo. Kwa hiyo mlango ni mmoja, Mheshimiwa, lakini upande wa kuingilia umepakwa mafuta na wa kutokea bado umeshika kutu.

Na sisi, kitu kimoja ambacho nyama ya boksi haikuweza kutuiga, tulikifunga mpira kwa mikono yetu wenyewe.

TULIPO LEO

Majike ishirini na tisa kati ya wale sitini na mmoja tutawabakiza, watazaa, na watoto wao watazaliwa na mikia yao. Tunaushukuru uumbaji kwa kutosikiliza uvumi. Tatizo ni madume thelathini na mmoja waliobaki baada ya yule wa Shemeji. Wamekomaa, wananyonya malisho, na nyasi zilizobaki ni za wiki tatu tukijibana. Hawana mnunuzi.

Yupo mfanyabiashara mmoja aliyekuja na lori. Madume hawataki. Anawataka mama zao, wale hamsini na wanne, kwa sababu wao wana mikia, ingawa sasa wana mimba tena. Ameahidi kurudi Jumatatu. Tukiwauza, malisho yatatosha na hapatakuwa tena na Zizi Moja, maana kondoo aliyebeba mimba akipanda lori hashuki na zizi jipya mfukoni. Tusipowauza, na madume wasipopata mnunuzi, watakonda wote pamoja, mama na watoto.

Mama Pacha alikuja mkutanoni juma lililopita amevaa nguo ya kutokea. Akaweka daftari la katibu mezani, na funguo za zizi juu yake. Akasema, "Nimewaletea maneno ya benchi la duka la dawa. Naomba niondoke na kondoo wangu watatu, nyinyi mpone."

Halafu yule bibi wa sindano akainuka, akachukua zile funguo, akamrudishia mkononi na kuufumba mkono wake kwa nguvu. "Mwanangu, tuko thelathini na wanne. Mikono sitini na minane ilishika mipira ile. Wewe uondoke na mikono yako miwili, sisi hii mingine tuipeleke wapi?"

"Bibi, mimi ndiye niliyesema."

"Na mimi nilishika miguu ya nyuma. Kaa chini. Utaandika risala."

Ngoja-Kwanza akaongeza, "Na uandike yote. Mgeni asidhani tulipigwa na radi." Ndiyo maana unayasikia haya yakisomwa na aliyeyaanzisha. Sauti yake ikikatika, Mheshimiwa, mvumilie, atarudi.

TUNAYOKUOMBA

La kwanza halina bajeti. Kipaza sauti kiko hapo, na wenye mabucha wako safu ya pili. Tunaomba uende zizini, umshike mmoja wa wale madume, halafu uwaambie watu kwa kinywa chako kwamba huyu ni kondoo, amezaliwa hapa, amechanjwa, na hakutoka ndani ya boksi. Sisi tumesema mpaka tumekauka koo. Wewe ulikaa kwenye meza yenyewe, watakusikia.

La pili, tunamwomba mkaguzi wa nyama apewe muhuri utakaoonyesha nyama imetoka kwa wafugaji wa hapa, na wauza maboksi nao waandike nyama yao imetoka wapi kwa maandishi ambayo mama asiye na miwani anaweza kuyasoma. Anayetaka ya bei rahisi achukue. Ajue tu anachochukua.

La tatu, machinjio. Tunajua hayajengwi kwa risala moja. Tunaomba tuambiwe ukweli kama yatajengwa au hayatajengwa, ili tupange. Tukiambiwa hayapo, tutalia siku mbili halafu tutafuga kwa ajili ya soko letu la hapa. Kinachotumaliza ni kutojua.

La nne, mkataba mwingine ukija, usomwe kwanza minadani, kwa lugha tunayogombana nayo nyumbani, kabla ya saini. Tutauliza maswali ya kijinga, tunakuahidi. La mkia lilikuwa mojawapo, na angekuwapo mtu wa kutujibu siku ile, lingemchukua dakika moja.

MAMBO YA KUEPUKA

Sehemu hii ameiomba Mama Pacha kwa ajili ya wafugaji wa vikundi vingine waliokuja kutusikiliza, na kwa ajili ya mabinti zake wawili waliosimama pale kwenye nguzo. Sisi tumeipitisha.

Usimkate mnyama kitu chochote kwa sababu ya picha ya kwenye simu.

Usimwulize dereva habari za sheria. Mwulize hali ya barabara.

Usibadilishe zizi zima kwa siku moja, hata kama sheria yenu inasema hivyo. Acheni nusu.

Usimzomee anayesema tujaribu kwa wachache.

Usitengeneze kondoo kwa ajili ya mnunuzi ambaye hujamwona, huku yule unayemjua unamfukuza.

Usiuze jike mwenye mimba kwa kuogopa habari ambayo hujaisoma.

Usinunue nyama ya boksi ukaificha chini ya mchicha. Nunua, beba wazi, halafu njoo mkutanoni tuzungumze kwa nini.

Usiogope kuuliza ofisini kwa kuwa uliishia darasa la saba. Binti wa mifugo hakutucheka.

Usimwondoe mwenzako kwa kosa mlilolifanya wote.

Na kwako, mgeni wetu: usipande gari kabla hujafika nyuma ya hema. Wako thelathini na mmoja, wameogeshwa, wamenyweshwa, na wa mbele ni mpole sana. Ukimkuna chini ya kidevu anafumba macho.

Mungu akulinde njiani, akuzidishie afya, na akupe mkono wenye baraka kwa kila utakachokigusa leo.

Ni sisi wanao,
Kikundi cha Wafuga Kondoo, Zizi Moja